Keki ya Ndizi na Kidole Kilichoungua

Nilisikia harufu ya nyama ikichomwa, nikaona njaa. Mtu aliyeambiwa ana kisukari wiki hii akiletwa kwangu na jirani, akakaa kwenye kiti cha barazani huku bado haamini, huwa naanza na hapo. Simwelezi habari za kongosho. Hizo ataelezwa na wenye makoti meupe, na hatazisikia, kama ambavyo mimi sikuzisikia. Namweleza kwamba nilisikia harufu ya nyama, nikadhani shemeji zangu wamewahi kuwasha moto wa mbuzi, na mate yakanijaa mdomoni.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, hapa Tukuyu, mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshashika. Kesho yake binti yetu Atupele alikuwa apate kipaimara. Nilikuwa jiko la nje, nimeinamia sufuria ninalookea keki, suruali nimeikunja, ndala miguuni. Atupele akaja na bakuli la mayai. Akasimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa hanitazami usoni.

"Baba," akasema taratibu, "mguu wako unatoa moshi."

Nikatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka juu ya mfuniko wa sufuria, likatua kati ya mkanda wa ndala na kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Sijui lilikaa pale dakika ngapi. Mkanda ulikuwa umeyeyuka na kushikamana na ngozi, na kidole kilikuwa na rangi ambayo kidole cha mtu hakipaswi kuwa nayo. Nilikitazama kama mtu anavyotazama mali ya jirani. Hakikuniuma. Sisemi kwamba nilivumilia; sijawahi kuwa mvumilivu, sindano ya jino tu hunitoa machozi. Nasema hakikuniuma kabisa. Nyama niliyokuwa naisikia ilikuwa mimi.

Inabidi nirudi nyuma mwaka mmoja, ili ieleweke mtu mwenye shahada mbili alifikaje pale.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na pembeni naandika makala ambazo watu huniambia wamezisoma nusu. Naoka pia. Nilijifunza kuoka nikiwa chuo kikuu, Dar es Salaam, kwa mama mwenye nyumba niliyopanga chumba, si kwa mapenzi ya kazi bali kwa sababu anayesaidia kuoka ndiye anayekomba bakuli. Huku kwetu mwanamume anayeoka keki ni kichekesho kisichochuja. Akina mama wa kanisani wamenibatiza Mama Keki, nami nawajibu kwa kuwakatia vipande vikubwa. Oveni ya umeme tunayo. Mke wangu anatunzia vikombe ndani yake, kwa kuwa umeme wetu una tabia ya kuondoka keki ikiwa imeumuka nusu. Kwa hiyo naoka kwa njia niliyoizoea: sufuria kubwa lenye mchanga mkavu chini, kopo la keki juu ya mchanga, mfuniko wa bati, mkaa chini, mkaa juu.

Kisukari kiligunduliwa nilipokwenda kutafuta miwani. Herufi zilikuwa zimeanza kuogelea kwenye madaftari ya wanafunzi, nikadhani ni umri. Muuguzi akanichoma kidole, akasema ni utaratibu tu, na kimashine kikashindwa kuandika namba kwa jinsi ilivyozidi. Daktari, kijana mpole mwenyeji wa pwani, akanipa vidonge, akauliza kama nakula vitu vitamu. Nikamwambia sukari naiacha leo leo. Akauliza chakula chetu cha kila siku. Nikasema chakula cha kawaida. Akaandika hivyo hivyo: kawaida.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa huku kwetu Rungwe tu. Kwetu ndizi si tunda, wala si kitu kitamu. Ndizi ni chakula. Mbichi inapikwa, iliyoanza kuiva inachomwa, iliyoiva inaliwa ukipita jikoni kama mtu anavyokunywa maji. Mtu akiulizwa leo amekula nini, zile tano alizokula njiani akitoka shamba hazimo. Nilipoulizwa habari ya vitu vitamu nilifikiria soda, peremende na keki. Ndizi haikunijia akilini hata kidogo, kama ambavyo mtu akiulizwa mali zake hataji hewa.

Nilimweleza dada yangu Subilaga, anayelima Kisondela na aliyenilea baada ya mama kufariki. Nilimwambia daktari amekataza sukari, ila ndizi hakuzitaja.

"Angezitajaje," akanijibu. "Ndizi imemkosea nani?"

Tangu hapo, kila wiki alikuja kwa bodaboda akiwa na mkungu mapajani, umeiva vizuri, ili mdogo wake apate nguvu.

Nami nikavumbua. Sukari niliiacha kweli, hata kwenye chai, nikajiona mtakatifu. Kisha nikabuni keki isiyo na sukari: ndizi kumi na mbili zilizoiva hadi maganda yakawa meusi, nikazichemsha taratibu mpaka zikawa nzito kama lami, nikachanganya na unga, mayai na mafuta. Ilikuwa keki bora kuliko zote nilizowahi kuoka, jambo ambalo peke yake lilipaswa kunishtua. Niliiita keki ya dawa. Nilikula kipande asubuhi, kipande saa kumi, na cha kushushia chakula cha jioni. Nilimwelekeza hata mwalimu mwenzangu mwenye tatizo kama langu. Nimeshamwomba radhi, lakini bado akiniona huvuka barabara. Vidonge nilivipunguza mwenyewe, kwa hoja kwamba mtu aliyeacha sukari anavihitaji vya nini.

Miguu ilikuwa imeshaanza kuniarifu, kwa njia yake ya kunyamaza. Kwanza nilijisikia kama nimevaa soksi wakati sijavaa. Kisha siku moja nilitoka sokoni nikafika nyumbani na ndala moja. Nilikuwa nimetembea nusu ya njia mguu mmoja peku, kwenye kokoto, bila kujua. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililichukulia jambo lile kama ushahidi wa fikra nzito.

Hivyo ndivyo nilivyofika jikoni siku ile. Atupele alitaka kukimbia kumwita mama yake, nikamshika mkono. Mke wangu, Tupokigwe, anafundisha shule ya msingi na hana mzaha na afya. Nilijua angeniingiza kwenye gari dakika ile ile, na sherehe ingebaki na maturubai yake. Wajomba walikuwa njiani. Mbuzi mwenyewe alikuwa bado amefungwa kwenye mgomba nyuma ya jiko, mzima, anatafuna.

"Mama asijue mpaka Jumatatu," nikamwambia mtoto.

"Akiniuliza?"

"Hatakuuliza."

"Lakini akiniuliza, baba."

Nikamtuma alete dawa ya meno na kitambaa. Alikuwa na miaka kumi na tano, na miezi yote ile ya mafundisho alikuwa akikariri amri kumi akitembea uani. Alinifunga kidole vizuri sana, huku analia kimya kimya. Ili kumtuliza nikamwambia hakiumi. Sikuelewa kwamba hilo ndilo lililokuwa linamliza.

Keki ilitoka salama. Niseme ukweli: ilitoka nzuri mno, ya ghorofa mbili, moja ya kawaida na moja ya ndizi, na jioni ile niliipamba nikiwa nimekaa, mguu juu ya kigoda, nikimwambia kila aliyeuliza kwamba mgongo umenishika.

Jumapili nilivaa viatu vyeusi vya ngozi, nikafunga kamba kwa nguvu. Kanisani nilisimama waliposimama, nikakaa walipokaa. Nyumbani, baada ya chakula, ukafika muda wa keki, na yeyote aliyewahi kuhudhuria sherehe zetu anajua muda huo. Mshehereshaji anaita ndugu kwa makundi, mtoto anakata keki, vipande vinachomwa kwa vijiti, watu wanalishana mdomoni muziki ukipigwa. Hakuna namna ya kukataa kipande kilichoshikwa na mama mkwe mbele ya mpiga picha. Nililishwa na mama mkwe, nikalishwa na wajomba, nikalishwa na dada Subilaga, ambaye alichagua cha ndizi makusudi na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba hiki ni dawa. Watu wakapiga vigelegele.

Kisha Atupele akaja na kijiti chake. Alisimama mbele yangu katika gauni jeupe, na badala ya kunitazama mdomoni alikuwa anatazama kiatu changu cha kushoto. Mshehereshaji akasema binti ana aibu. Nikafungua mdomo, nikala. Mtu akikuonyesha picha ile leo, utaona baba anayetabasamu na shavu limejaa. Mke wangu ameitoa kwenye albamu.

Jumatatu asubuhi kiatu kilikataa kutoka. Mguu ulikuwa umeumuka ndani yake. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nikihangaika, Tupokigwe akaingia akasimama, akavuta hewa mara moja. Harufu ilikuwa imeshajaa chumbani. Mimi ndiye nilikuwa nimeizoea. Akapiga magoti, akakata kamba za kiatu kwa mkasi, akakivua, akaona soksi. Hakupiga kelele. Aliuliza nani mwingine alijua.

Nilikuwa nikitafuta sentensi nzuri. Atupele akajibu kutoka mlangoni. "Mimi, mama."

Tupokigwe akaweka mkasi chini. "Mwanangu jana amewekewa mikono huku amebeba uongo wako," akasema. Halafu akaenda kutafuta gari.

Kwa majuma mengi maneno yake kwangu yalikuwa ya bandeji tu. Inua. Geuza. Basi.

Hospitalini daktari mwingine, mama mtu mzima, alibonyeza mguu kuanzia vidole hadi karibu na goti, akinusa. Nilimuuliza kidole kitapona baada ya muda gani. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi anayeuliza swali la sura tuliyomaliza mwezi uliopita.

"Kidole tumeshakipoteza, mwalimu. Sasa tunapigania mguu."

Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Nakumbuka nilitazama bango la chanjo ukutani na kusoma maandishi yake yote hadi jina la kiwanda cha uchapaji. Mtu ambaye Jumamosi alikuwa anapamba keki, Jumanne anajadiliwa kama atakatwa juu ya kifundo au chini ya goti. Kidole kidogo kilikatwa wiki ile. Cha pili yake kilifuata Januari, baada ya kuwa cheusi wakati wa Krismasi huku nikikitazama kila siku nikikisihi. Na hata hapo hakuna aliyeahidi mguu. Kila baada ya siku mbili nilikwenda kusafishwa, na kila safari swali lilikuwa lile lile: ule weusi umepanda, au umesimama.

Mwaka ule sikuuhesabu kwa miezi. Nilikwenda kusafishwa wakati watu wanapanda mahindi, nikiwa nyuma ya bodaboda, mguu ndani ya mfuko wa nailoni, dereva akichagua madimbwi madogo. Nilikwenda wakati mvua inanyesha wiki nzima bila kumeza mate, kama inavyonyesha hapa kwetu, na bandeji haikauki. Nilikwenda wakati wa mahindi ya kuchoma, nikageuza uso kila tulipopita majiko ya barabarani; harufu yoyote ya kitu kinachochomwa ilikuwa bado inanitapisha. Uzito ulinitoka, kola za mashati zikawa zinanizunguka shingoni kama mabakuli. Tupokigwe alijifunza kunichoma sindano ya insulini tumboni, na hakuwahi kukosea wala kuniambia pole.

Ukumbi wa kliniki ya kisukari una mabenchi manne, na kila mgeni hufanya nilivyofanya siku ya kwanza: anahesabu miguu ya watu. Niliketi karibu na mama mmoja wa Kiwira, Mama Zulfa, mpika maandazi, aliyevaa kanzu pana na mtandio wa buluu. Mguu wake wa kulia uliishia chini kidogo ya goti. Alinikuta nikimtazama, akaniuliza nafundisha nini. Nikamwambia. Akauliza nimefikaje pale. Nikamweleza habari yote, hata keki ya dawa, kwa kuwa bado niliamini kidogo kwamba kuna mtu atatambua ubunifu wangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, wewe ulisoma ukapitiliza," akasema. "Ndizi ikiiva, nyuki wanaijia. Ulidhani wanafuata nini?"

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, halafu katikati ya kicheko nikapata baridi ya mwili mzima. Miezi kumi na moja. Kila siku, vipande vitatu. Hakuna aliyekuwa amenificha. Nilikuwa nimesimama mgombani maisha yangu yote nikiwafukuza nyuki wale kwa mkono.

Kumwambia dada ndiko kulikokuwa kugumu. Alikuja wodini, nilipolazwa tena Januari, na mkungu wake kama kawaida, umefunikwa kwa kanga usilowe. Nilimweleza polepole kwamba ndizi si sumu, hata daktari ameniruhusu, moja ndogo kwa wakati wake; ila zile nyingi, zilizoiva vile, kwa ugonjwa ule, ndizo zilizonimaliza. Subilaga ni mtu wa maneno mengi. Siku ile alikuwa anakunja tu ncha ya kanga.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nakukata mguu," akasema.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mara nyingi. Alizoea kuondoka akisema *ndaga fijo*, asante sana, kwa kila mtu wodini, hata asiyemjua. Siku ile aliondoka bila kumuaga mtu na mkungu akaubeba tena mgongoni, na kwa wiki tatu hakuja. Alipokuja alileta mchicha na maharage, akanisimamia nikila kama nilipokuwa mtoto. Ndizi sasa huleta mbichi, anazihesabu mbele yangu, na mtu akimtania kwamba amekuwa bahili humjibu kwa Kinyakyusa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kwa Atupele nilitumia sentensi moja. Niliandaa hotuba, nimezoea, lakini alipokaa kitandani na daftari lake la hisabati nikasema tu kwamba nilimkosea, si mguuni bali kwenye lile la kumfunga mdomo. Akasema, "Najua, baba." Halafu akaniomba nimsaidie mafumbo ya namba, ambayo siyawezi, na yeye anajua siyawezi.

Watu huniuliza kama kulikuwa na chochote kizuri. Kulikuwa. Asubuhi moja ya Machi, kwenye benchi, sindano ilinizidi, sukari ikashuka mno kwa kuwa sikuwa nimekula vizuri. Nikaanza kutoka jasho, mikono ikacheza, maneno yakanipotea. Mama Zulfa ndiye aliyeona. Aliita muuguzi, na muuguzi akaagiza soda upesi. Nilikuwa sijagusa soda tangu niambiwe nina kisukari. Niliinywa kwa amri ya hospitali, nikiwa nimeshikiliwa kichwa kama mtoto mchanga, na ingawa nilikuwa nakaribia kuzimia nakiri kwamba sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Mama Zulfa akaniambia nisinogewe, watanishtukia.

Yeye ndiye aliyenirudishia raha ya kula. Alisema kila alfajiri anakaanga maandazi ya kuuza, na katika lundo lote lile anakula nusu ya moja. Huwa hali akiwa amesimama, wala akiongea. Anaketi, anafunika mengine, anaila ile nusu peke yake hadi iishe. "Naila kama niko harusini," akasema. Nilikuwa nimekula keki kwa miaka thelathini nikiwa nasahihisha, nasoma, nagombana na redio. Sikumbuki ladha ya hata moja.

Kwa hiyo sasa naoka tena. Naoka nikiwa na viatu vilivyofunikwa mbele, na kabla ya kuvivaa navigeuza kichwa chini na kuvikung'uta, kwa sababu siku moja kulikuwa na msumari ndani na ningetembea nao hadi jioni. Naoka keki ya kawaida, yenye sukari kiasi, na Jumamosi saa kumi Tupokigwe ananikatia kipande ambacho muuguzi alitukubalia, chenye upana wa vidole viwili. Nakila nimeketi, redio imezimwa. Atupele husema ninakitafuna kama ninasikiliza taarifa ya msiba. Aseme tu. Siagi naitambua, yai nalitambua, ganda la limau nalitambua, na mwisho kabisa, pale chini palipokaribia kuungua, nautambua mkaa, na sasa tumbo halinigeuki.

Kidonda kilifunga Julai, wakati wa baridi ile ya ukungu ambapo hata kuku hawatoki mapema. Weusi ulikuwa umesimama tangu Machi. Nyama mpya ikaja kutoka pembeni polepole, nyekundu kama ulimi wa mtoto, ikakutana katikati. Siku ya kuondolewa bandeji ya mwisho nilipanda kliniki nikichechemea na fimbo, nimenyoa ndevu. Mguu ulikuwa wangu, pamoja na vidole vyake vitatu vilivyobaki. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya shukrani.

Muuguzi alitazama kovu, akalisifu. Akasema bado kipimo kimoja kidogo. Akatoa kijiti chenye uzi mgumu kwenye ncha, mfano wa uzi wa kuvulia samaki. Akaniambia nifumbe macho, atanigusa unyayo kwa uzi ule sehemu mbalimbali, na kila nikihisi niseme ndiyo.

Nikafumba macho. Nikasubiri. Nje kulikuwa na mtu anavuta benchi sakafuni. Nilijitahidi kusikiliza kwa mguu, kama mtu anavyosikiliza hodi kwenye nyumba kubwa. Nilifikiria kwamba muuguzi huyu ana kazi nyingi, labda amesimama kwanza kuandika kitu. Nikasubiri tena. Mwisho nikamwambia, bado nimefumba, kwamba niko tayari, anaweza kuanza.

"Nimeshamaliza, mwalimu," akasema. "Mguu mzima."

Nikafumbua macho. Nikamwomba arudie nikiwa naona. Alirudia, alikuwa mtu mwema. Niliutazama uzi ukipinda kwenye unyayo wangu, hapa, pale, kisiginoni, chini ya vidole, mara tisa au kumi. Ni kama kumtazama mtu akigonga dirisha la kioo kinene. Nilimuuliza kama hisia zitarudi. Alisema zilizokwisha kwenda hivi hazirudi. Kinachobaki ni kulinda, kutazama kila siku, maana kaa lingine, mwiba mwingine, kokoto nyingine, na safari hii tunaweza tusiukute mguu.

Njia nzima nilitunga jibu la kupeleka nyumbani. Tupokigwe alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Aliuliza wamesemaje. Mdomo wangu ulikuwa umeshajipanga kusema wamesema safi kabisa. Unajipanga wenyewe, ni mazoea.

"Kidonda kimepona," nikasema. "Lakini mguu umekufa ganzi, mama Atu. Wamenigusa unyayo mzima, sikujua kama wameanza. Na hisia hazitarudi."

Akaweka ungo chini. Akavuta kigoda, akauchukua mguu akauweka mapajani, akavua soksi. Akabonyeza unyayo kwa dole gumba.

"Hapa?"

"Hapana."

Akaenda kisiginoni. "Hapa?"

"Hapana."

Hakuwa anatazama mguu. Alikuwa ananitazama usoni. Alipofika kwenye kifundo nilisita, nikafungua mdomo kukisia.

"Usinidanganye," akasema.

"Hapana. Hapo pia sisikii."

Akapanda juu kidogo, upana wa kiganja. "Hapa?"

"Hapo ndiyo. Kwa mbali."

Alibonyeza tena pale pale, kama anayehakikisha ukuta. Halafu akachomoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati langu, akaifungua kwa meno, akachora mstari kuuzunguka mguu mzima, mbele na nyuma, mpaka wino ukakutana.

"Kuanzia hapa kushuka chini ni kwangu," akasema. "Huku juu jihangaikie mwenyewe."